Kati ya r na l

Kadi ya kupigia kura niliyoiacha Kasulu mwaka 2007 ilikuwa na picha yangu, jina langu kamili na jina la kijiji. Kuipata hakukunigharimu hata nauli. Waandikishaji walikuja wenyewe, wakapanga meza kwenye darasa la shule ya msingi, tukakaa foleni tangu asubuhi, na jioni kila mtu alirudi nyumbani na kadi yake mfukoni. Nilipiga kura nayo mwaka 2005. Siku ya kuondoka kwenda Marekani nikamwachia mama aitunze pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Naanza na kadi hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikosee kwa muda mrefu. Nilipofika Greensboro, North Carolina, na kuanza kusikia watu wanapelekana mahakamani kuhusu kitambulisho cha kupigia kura, mimi nilikuwa upande wa sheria za kudai kitambulisho. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku, na mwenzangu wa zamu alikuwa mama Mweusi wa hapa hapa, mtu wa makamo. Usiku mmoja nikamwambia: kwetu bila kadi hupigi kura, na hakuna anayelalamika, kwa nini nyinyi mnalia? Hakunijibu. Alinitazama, kisha akaendelea kukunja mashuka. Ilinichukua miaka mitatu kuelewa ule mtazamo.

Oktoba 2012 nilikula kiapo cha uraia. Daftari la wapiga kura lilikuwa limeshafungwa, maana North Carolina hulifunga siku 25 kabla ya uchaguzi. Lakini wakati ule kulikuwa na siku 17 za kupiga kura mapema, na ndani ya siku hizo mtu aliweza kujiandikisha na kupiga kura papo hapo. Nikatoka zamu asubuhi, nikaenda na hati ya uraia na bili ya umeme, nikajaza fomu, nikapiga kura. Nadhani nilitumia dakika 40 kwa jumla. Nilitoka pale nikiwa na stika kifuani, nikampigia mama simu nikamwambia huku nako wamenipokea vizuri.

Utaratibu ule haukuanguka kutoka mbinguni, na mimi wakati ule sikujua. Mwaka 1965, baada ya watu kupigwa virungu na mabomu ya machozi kwenye daraja la Edmund Pettus kule Selma, Alabama, bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 5. Sehemu zenye historia ya kuwazuia Weusi wasipige kura zilikatazwa kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi, hata kuhamisha kituo kutoka jengo moja hadi jengo la jirani, mpaka kwanza zipate kibali cha Wizara ya Sheria au cha mahakama moja ya Washington. North Carolina ina kaunti 100. Kaunti 40 zilikuwa chini ya kifungu hicho, na Guilford, ambako ndiko Greensboro iliko, ilikuwa mojawapo. Maana yake ni kwamba mwenye kutaka kubadili ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba hamdhuru mtu. Mpiga kura alikaa nyumbani kwake akisubiri.

Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby ya Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba orodha ya sehemu zinazobanwa na kifungu hicho imepitwa na wakati. Bila orodha, kifungu cha 5 hakina wa kumbana. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliyepinga aliandika kwamba kuiondoa kinga hiyo kwa kuwa imefanya kazi ni sawa na kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hulowi. Siku moja baada ya hukumu kiongozi mmoja wa Seneti ya North Carolina alitangaza kwamba sasa wataleta muswada kamili. Muswada mfupi uliokuwa ukihusu kitambulisho hasa ukarudi na kurasa 57. Tarehe 12 Agosti gavana akausaini. Siku za kura za mapema zikashuka kutoka 17 hadi 10. Kujiandikisha na kupiga kura siku moja, njia niliyopitia mimi, kukafutwa. Kura ya mtu aliyeingia kituo kisicho chake isingehesabiwa tena. Vijana wa miaka 16 na 17 waliokuwa wakiandikishwa mapema wakaondolewa. Na kuanzia 2016 kila mtu angetakiwa kitambulisho chenye picha: leseni, pasipoti, kadi ya jeshi. Kadi ya mwanafunzi wa chuo cha serikali haikukubaliwa, wala kadi ya mtumishi wa umma, wala ile ya mtu anayepokea msaada wa serikali.

Hata hapo sikushtuka sana. Kilichonishtua ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa nimeanza kuwasaidia raia wapya wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakimbizi wa Burundi na Congo waliopitia kambi za kwetu Kigoma. Nilitafsiri fomu, niliwapeleka kwa gari, nilijibu simu. Tarehe 1 Oktoba mahakama ya rufaa iliamuru kwamba kujiandikisha siku ya kupiga kura kurudishwe wakati kesi ikiendelea. Nikafurahi. Nikawapigia simu familia nilizokuwa nazo kwenye daftari langu, nikawaambia msihangaike kuomba ruhusa kazini, mtajiandikisha siku hiyo hiyo ya kupiga kura. Tarehe 8 Oktoba Mahakama ya Juu ikaisimamisha amri ile. Daftari la wapiga kura lilikuwa linafungwa tarehe 10, Ijumaa. Siku mbili. Mimi siku hizo mbili nilikuwa na zamu za mfululizo, sikufungua habari yoyote, na habari yenyewe nikaipata wiki iliyofuata.

Baba mmoja, fundi wa kiwanda cha kuku aliyepata uraia kiangazi kile, alikwenda kituoni na mke wake kwa sababu ya maneno yangu. Wakarudishwa. Alinipigia simu akiwa kwenye maegesho ya magari, na kwa heshima ya kwetu hakunilaumu. Aliniuliza tu, dada, labda tumekosea jengo? Nikamwambia hapana kaka, hamkukosea jengo, nimewakosesha mimi. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu yeyote kanuni ya uchaguzi bila kuangalia tarehe ya habari niliyoisoma. Na tangu siku hiyo najua kwamba amri ya mahakama, hata inapokuwa nzuri, haimfikii mtu anayefanya kazi zamu mbili kwa kasi ile ile inayowafikia mawakili.

Kesi kubwa ilisikilizwa Winston-Salem, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Tarehe 13 Julai 2015, siku ilipoanza, nilikwenda na mwenzangu yule wa zamu. Watu walikuwa maelfu kwenye mitaa, joto kali, akina mama na miavuli, wachungaji na majoho yao. Mchungaji William Barber, aliyekuwa rais wa tawi la jimbo la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ndiye aliyekuwa akiongoza. Hapo ndipo niliposikia habari za Rosanell Eaton, mama wa kaunti ya Franklin aliyezaliwa 1921 na ambaye jina lake lilikuwa miongoni mwa walalamikaji.

Akiwa msichana, Rosanell alipanda mkokoteni wa nyumbu mpaka mahakama ya kaunti kujiandikisha. Wanaume watatu wa Kizungu wakamwambia asimame wima, mikono ubavuni, atazame mbele, kisha aseme kwa kichwa dibaji ya Katiba ya Marekani. Akaisema yote bila kukosea neno. Wakamwandikisha. Akapiga kura miaka yote iliyofuata na kuwaandikisha maelfu ya wengine. Halafu, akiwa na miaka zaidi ya 90, sheria mpya ikamkuta jina lake kwenye leseni ya udereva halilingani na jina lake kwenye daftari. Alifanya safari zipatazo 10 kati ya ofisi za leseni, za hifadhi ya jamii na benki, zaidi ya maili 200 kwa ujumla, mpaka karatasi zikakubaliana.

Mwenzangu alinisubiri nimalize kusikiliza, kisha ndipo akanijibu lile swali la usiku wa mashuka. Aliniambia mama yake mzazi alizaliwa nyumbani kwa mkunga, shambani, na hana cheti cha kuzaliwa. Jina lake liliandikwa na mwenye shamba jinsi alivyolisikia. Akaniuliza: hiyo kadi yako ya kijijini, walikuletea au ulikwenda kuitafuta? Nikanyamaza. Walituletea. Hapo ndipo tofauti yote ilipo, na mimi niliyejiona najua mambo ya vitambulisho nilikuwa nimeiruka. Serikali inayodai kadi ikaja na meza mpaka kwenye darasa la kijiji chako ni jambo moja. Serikali inayodai kadi ikakuachia utafute cheti, basi, ruhusa ya kazini na ofisi inayofunguliwa siku chache kwa wiki ni jambo jingine kabisa, hata kama kadi zenyewe zinafanana.

Sasa nimzungumzie Mama, si mama yangu mzazi bali mkimbizi mmoja niliyekuwa nikimsaidia. Jina lake silitaji. Alikimbia Burundi mwaka 1972, akaishi Congo, kisha vita vya miaka ya 1990 vikamsukuma mpaka kambi ya Mtabila, kwetu Kasulu. Kutoka hapo akaletwa Marekani. Kiha changu na Kirundi chake vinaelewana, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Alisoma maswali 100 ya uraia kwa kusikiliza kaseti jikoni. Swali la 48 lilitaka utaje rekebisho moja la Katiba linalohusu nani anaweza kupiga kura. Jibu alilochagua kulihifadhi ni lile fupi kuliko yote: raia yeyote anaweza kupiga kura. Alilikariri akiosha vyombo, akaliimba, mpaka wajukuu wakalijua kabla yake.

Karatasi zake ziliandikwa na watu wengi waliomsikiliza kwa masikio tofauti. Tarehe yake ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama ilivyo kwa nusu ya wakimbizi ninaowajua, kwa kuwa karani wa kambi alihitaji tarehe na yeye alijua msimu tu. Na jina lake la ukoo lina herufi ambayo kwetu watu wa huku Kigoma haitusumbui: wengine hutamka r, wengine l, na mtu ni yule yule. Hati yake ya uraia ina r. Kitambulisho cha jimbo alichopewa kina l, na juu ya hapo jina la ukoo limewekwa mahali pa jina la kwanza.

Tarehe 15 Machi 2016 ulikuwa uchaguzi wa mchujo, wa kwanza mkubwa kudai picha. Mjukuu wake alimshusha kituoni saa mbili asubuhi, akaenda kazini. Karani alitafuta jina, hakuliona. Akalitafuta tena kwa herufi nyingine, akamwona mtu mwenye tarehe ile ile na anuani ile ile, lakini jina limegeuzwa. Akamwambia Mama asubiri pembeni, wamwite msimamizi. Sheria wakati huo ilikuwa imelegezwa kidogo: mtu mwenye tatizo aliweza kujaza tamko la kueleza kikwazo chake, au walau kupewa ile kura inayowekwa kwenye bahasha mpaka ihakikiwe. Sisi huiita kura ya bahasha. Hakuna aliyemweleza hayo kwa lugha anayoielewa. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu saa moja na nusu. Kisha akainuka, akawashukuru wote, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Nilipompitia jioni alikuwa anachambua maharage. Kitambulisho kilikuwa juu ya meza, kimelazwa kifudifudi, upande wa picha chini. Nikamwuliza Mama, umepiga? Akasema: "Mwanangu, wamesema yule wa kwenye kadi si mimi." Hakulia wala hakuonyesha hasira. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, akiyaweka kwenye kisahani kimoja baada ya jingine, na mimi nikakaa kwenye mkeka nikamsaidia kwa sababu sikuwa na neno.

Ushahidi wa kesi ulikuwa umeshafungwa. Habari ya Mama haikuandikwa popote, isipokuwa kwenye daftari langu: tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, aliyoambiwa. Hilo ndilo wakili mmoja alinifundisha baadaye, kwamba uchungu hausikilizwi mahakamani kama hauna saa na tarehe. Nikawa naandika kila kitu. Urefu wa foleni, kituo kilichohamishwa, mashine iliyoharibika, nani alirudishwa na kwa maneno gani.

Aprili 2016 jaji wa Winston-Salem alitoa hukumu ya kurasa 485 akiiacha sheria isimame. Tarehe 29 Julai majaji watatu wa mahakama ya rufaa kule Richmond wakaitengua. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa, na Kiingereza changu cha sheria kimetokana nayo. Majaji walieleza kwamba kabla ya kuandika muswada wabunge waliomba takwimu za matumizi ya kila njia ya kupiga kura, zikiwa zimegawanywa kwa rangi. Wakisha kuzipata, wakafuta zile ambazo Weusi walizitumia zaidi. Walikata siku saba za mwanzo za kura za mapema, na pamoja nazo Jumapili moja kati ya mbili ambazo makanisa ya Weusi hupakia waumini kwenye mabasi baada ya ibada. Mahakama ikasema sheria iliwalenga Weusi kwa usahihi unaokaribia ule wa upasuaji. Ikasema pia kwamba serikali haikuweza kumtaja hata mtu mmoja aliyewahi kushtakiwa North Carolina kwa kujifanya mtu mwingine kituoni. Nilipofika mstari huo niliweka simu chini. Mama alikaa kwenye kile kiti cha plastiki kwa ajili ya kumzuia mwizi ambaye hakuna aliyewahi kumfikisha mbele ya hakimu.

Jambo la mipaka lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na Kiswahili chenyewe kinatubana, maana jimbo ni North Carolina nzima na jimbo ni eneo la mbunge. Nitasema eneo la ubunge. Kila baada ya sensa maeneo hayo huchorwa upya, na anayechora North Carolina ni bunge la jimbo, yaani wanasiasa wenyewe. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alisaini ramani yenye eneo lililopindapinda kama salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, gazeti likaunganisha jina lake na la mnyama huyo, na tangu hapo uchoraji wa hila unaitwa jerimanda. Hila ni mbili. Unawarundika watu usiowataka kwenye eneo moja, kura zao ziishie humo. Au unawatawanya kwenye maeneo mengi, wasitoshe popote.

North Carolina imefikishwa Mahakama ya Juu kwa ajili ya ramani mara nyingi. Eneo la 12 lilikuwa maarufu tangu kesi ya 1993: lilifuata barabara kuu ya 85 kwa maili zipatazo 160, mahali pengine jembamba kama barabara yenyewe. Mwezi Mei 2017, hukumu iliyoandikwa na jaji Elena Kagan ikasema maeneo mawili, la 1 na la 12, yalichorwa kwa kutanguliza rangi bila sababu halali, kinyume cha Katiba. Lakini ramani ya badala ilikuwa imeshachorwa 2016, na mchoraji akiwa yule yule aliyechora ile ya kwanza. Safari hii mwakilishi David Lewis aliyesimamia kazi hiyo alisema waziwazi kwamba anapendekeza viti 10 vya chama cha Republican na vitatu vya chama cha Democrat, kwa sababu haamini kwamba inawezekana kuchora ramani ya 11 kwa viwili.

Ramani hiyo ndiyo niliyoikanyaga kwa miguu yangu. Binti yangu alikuwa anasoma North Carolina A&T hapa Greensboro, chuo kikuu cha Weusi. Mnamo tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa chuo hicho walikwenda kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, ambako Weusi hawakuhudumiwa wakiwa wameketi. Sanamu yao iko chuoni. Mpaka kati ya eneo la 6 na la 13 ulipita katikati ya chuo hicho, ukifuata barabara ya Laurel. Mabweni upande mmoja, madarasa upande wa pili. Mwaka 2018 nilikuwa najitolea kuwaelekeza wanafunzi vituo vyao, na binti yangu akanipeleka pale. Ni barabara ya kawaida, mistari ya rangi ya kuvukia, miti, wanafunzi na mabegi na vikombe vyao vya kahawa. Alisimama ukingoni akaniambia, mama, hapa nina mbunge huyu, akavuka hatua chache, na hapa nina yule. Wote wawili walikuwa Republican. Mwanafunzi aliyehama bweni kati ya mwaka wa kwanza na wa pili alibadili mbunge bila kubadili chuo, na asiposahihisha anuani yake, kura yake inakuwa ya bahasha. Wengi hawakujua. Siku ile pekee niliandika majina ya kwanza ya vijana 14 kwenye daftari langu.

Tarehe 27 Juni 2019 Mahakama ya Juu, tano kwa nne, iliamua katika kesi iliyotoka North Carolina kwamba mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, haziwezi kuamua malalamiko ya jerimanda ya chama. Ya rangi zinaweza, ya chama haziwezi. Mimi si mwanasheria, lakini mtu anayeishi mji ambao Weusi walio wengi huchagua chama kimoja anaona tatizo mara moja: ukiulizwa kwa nini umewagawa, unajibu nimegawa chama, na mlango unafungwa. Mahakama za jimbo ziliingilia kati mwishoni mwa mwaka huo, ramani ikachorwa upya, na 2020 Greensboro ikawa yote ndani ya eneo moja. Oktoba 2023, baada ya majaji wengine kuchaguliwa kwenye mahakama ya juu ya jimbo na kuigeuza hukumu iliyotangulia, bunge likachora tena. Guilford sasa imekatwa vipande vitatu.

Kitambulisho nacho kilirudi. Novemba 2018 wapiga kura walikubali kwa asilimia kama 55 kukiingiza kwenye katiba ya jimbo, na nawajua watu wema waliopiga ndiyo, kwa sababu zile zile nilizokuwa nazo mimi zamani. Siwadharau. Sheria mpya ni laini kuliko ile ya 2013: kadi za vyuo vilivyoidhinishwa zinapokelewa, na ofisi za uchaguzi za kaunti hutoa kitambulisho bure. Mahakama ya jimbo iliizuia Desemba 2022, na ile ile, ikiwa na majaji wapya, ikairuhusu Aprili 2023. Mama tulimpeleka ofisi ya kaunti, wakampiga picha, akaondoka na kadi mkononi. Hiyo nayo lazima niiseme.

Nilidhani yamekwisha. Novemba 2024, kiti cha mahakama ya juu ya jimbo, Allison Riggs alishinda kwa kura 734. Mgombea aliyeshindwa akapinga kura zaidi ya 65,000, nyingi kati yake kwa hoja kwamba kumbukumbu za waliozipiga hazina namba ya leseni wala tarakimu nne za mwisho za hifadhi ya jamii. Taarifa kwa waliopingwa ilikuja kwa kadi ya posta yenye mchoro wa kupiga picha kwa simu; mimi nilipoipata nikaitupa, nikidhani ni tangazo. Wiki mbili baadaye binti yangu akatafuta orodha, akanikuta humo. Nimepiga kura hapa tangu 2012, kwa fomu ile niliyojaza nikitoka zamu. Mahali fulani mfumo wa leseni una jina la ndoa, wa hifadhi ya jamii una jina la baba, na kwa kuwa hayakulingana, namba haikuingia. Nilikuwa nimeonyesha kitambulisho kituoni. Karani alikuwa ameniangalia usoni. Kwa miezi kama mitano sikujua kama kura yangu ipo au haipo, mpaka mahakama ya juu ya jimbo iliposema Aprili 2025 kwamba kura kama yangu zihesabiwe. Kesi yenyewe haikuisha mpaka jaji wa shirikisho alipoamua tarehe 5 Mei 2025 kwamba kanuni haziwezi kubadilishwa baada ya mchezo kuisha, na siku mbili baadaye mgombea yule akakubali kushindwa.

Kiangazi hicho bodi ya uchaguzi ya jimbo ilianza kuwaandikia zaidi ya watu 100,000 ili kujaza namba zinazokosekana. Barua ya Mama ilifika siku ya Jumanne. Alinipigia simu, nikaenda baada ya zamu. Alikuwa ametandaza mkeka sebuleni na kuweka juu yake kila karatasi aliyonayo: hati ya uraia yenye r, kitambulisho cha zamani chenye l, kadi ya kaunti, kadi ya hifadhi ya jamii, hata kile kipande cha karatasi ya kambi ya Mtabila kilichokunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akaangalia kile kisanduku cha jina.

"Mwanangu," akasema, "leo niandike lipi?"

Nikamwonyesha hati ya uraia. Akaandika polepole kwa herufi kubwa, na alipofika kwenye ile r akaichora, akaipitia tena juu kwa kalamu, na mara ya tatu.